Kanuni ya Tisa kwenye Meza ya Mama Jeanne

Mwezi uliopita nilikutana na Freddy mbele ya soko la Likasi, baada ya miaka zaidi ya ishirini, na jambo la kwanza alilofanya halikuwa kunisalimu. Alisimama katikati ya njia na mfuko wa misumari mkononi, tumbo limemtangulia, maana huko Kolwezi anakula vizuri, akaninyooshea kidole. "Weye Banza! Règle neuf! Uliandika ile règle ya tisa juu yangu mi moya, unazani nilisahabu?" Nikamjibu papo hapo, bila jambo wala habari za watoto: "Haikukuwa juu yako. Ilikuwa juu ya bujinga ulikuwa unafanya." "Bujinga gani? Ilikuwa galanterie, heshima ya mwanamuke!" Basi tukasimama juani, wanaume wawili wenye mvi, tukabishana juu ya ngome na majeshi ya samurai mpaka mama mmoja muuza nyanya akatuomba tusogee, tunamfukuzia wateja. Tukasogea hatua tatu, tukaendelea. Tulizitaja kanuni zetu moja baada ya nyingine, kwa sauti, tukicheka na kugombana, hasa juu ya ile ya nne ambayo kila mmoja anaikumbuka kivyake. Niliporudi karakana sikuweza kushika kazi. Nikawaambia mafundi wangu waendelee na milango yao, nikakaa juu ya debe la rangi, nikaomba kalamu. Nisipouandika mwaka ule sasa, Freddy atauandika yeye, na ataukosea.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikiwa na mashine ya kuchomelea niliyoazimwa na baiskeli ambayo breki zake zilikuwa viatu vyangu. Mama Jeanne, mjane aliyeuza samaki wa Kapolowe pale sokoni, aliniita nyumbani kwake mtaa wa Panda nimtilie vyuma kwenye madirisha matatu. Nilifika Jumapili baada ya ibada, kwa kuwa siku nyingine hakuwepo nyumbani. Nikachomelea kipande kimoja, umeme ukakatika. Akaniambia nikae sebuleni nisubiri. Nakiona chumba kile hata sasa: sakafu ya saruji nyekundu iliyong'arishwa mpaka unaogopa kuikanyaga, viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, kabati la vioo lenye vikombe ambavyo hakuna aliyewahi kunywea, na katikati meza kubwa ya mbao iliyofunikwa yote na ramani ya visiwa. Msichana alikuwa akipanga juu yake askari wadogo wenye panga, wekundu huku, weusi kule. Huyo alikuwa Solange, binti wa mwenye nyumba, fundi wa kushona. Kando yake alikaa Freddy, kijana wa nyumba ya jirani, aliyevaa shati la kwenda harusini bila kualikwa harusi. Na kwenye kiti kirefu alikuwa Maître Kazembe, mwalimu mstaafu aliyepanga chumba cha nyuma, miwani puani, akisoma kijitabu cha maelezo ya mchezo kwa sauti ya darasani. Kijitabu kilikuwa cha Kijerumani. Hakuna aliyejua Kijerumani pale, na yeye pia hakujua, lakini hilo halikumzuia.

Sanduku la mchezo lilikuja nyumbani mle kwa bahati. Mama Jeanne alikwenda kwa familia moja ya wageni waliokuwa wakihama, akitaka sufuria yao ya presha, nao wakamwongezea sanduku lile juu, bure. Kwenye mfuniko palikuwa na picha ya shujaa wa kisamurai mwenye kofia ya pembe na uso wa chuma. Akina mama wa kundi lake la sala walipouona uso ule walimwambia hauwezi kulala ndani ya nyumba ya mtu aliyeokoka. Mama Jeanne hakuwa mtu wa kutupa kitu. Alikata ua la waridi kutoka kalenda ya kanisa, akalibandika juu ya uso, akaomba, akasema amina. Kwa hiyo mwaka mzima tulicheza kutoka sanduku la shujaa mwenye mwili wa chuma na kichwa cha waridi, na hakuna pepo aliyetusumbua isipokuwa Freddy.

"Hapa banasema nini, Maître?" Mama Jeanne aliuliza siku ile.

"Banasema samurai. Ile njo nimesikia."

"Na kisha?"

"Kisha mi sijue."

"Bon. Shiye benyewe tutatunga. Bale Bajapon batakuya kutuuliza?"

Wakaanza kutunga, na mimi kwenye kiti changu cha pembeni nikaanza kuwashwa. Walikuwa wakiliachia jeshi liingie nchi yoyote bila gharama, wala hawakugusa vile vijiti walivyoviita mchele, akiba ya kila jeshi. Nilivumilia mara mbili. Mara ya tatu nikasimama na nyundo yangu mkononi. "Mais mama, kama jeshi inaingia tu bila kulipa muchele, vita itaisha mu dakika mbili!" Wote wakanigeukia. Solange akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Weye fundi, unajua kucheza?" Nikasema hapana. "Kuya basi. Shiye pia hatujue." Umeme ulirudi baada ya nusu saa. Niliisikia friji ikianza kunguruma, nikajifanya sikusikia. Yale madirisha matatu yalinichukua Jumapili saba.

Sijui kama niliwahi kufurahi vile tena kwa kazi isiyo na faida. Wiki nzima nikichomelea nilikuwa nikitunga kanuni kichwani, na Jumapili nilikanyaga baiskeli kama mtu anayewahi treni. Tulianza kwa kubadilisha majina, maana majina ya ramani ile yalituvunja ulimi. Solange alipika gundi ya unga, tukabandika vikaratasi. Kisiwa kikubwa kikawa Katanga. Jimbo la magharibi likawa Kambove, la jirani yake Kamatanda, na lile la pwani lenye picha ya samaki likawa Kapolowe, ambalo Mama Jeanne alilichukua kabla gundi haijakauka. Kila mchezaji alikuwa mulopwe, mfalme kwa Kiluba, kwa sababu Maître alikataa tuwe na majina ya watu ambao hatukujua wazazi wao. Palikuwa na mlima mmoja mweusi katikati, na mara moja sote tukasema Shinkolobwe, ule mgodi wa urani wa kwetu uliofungwa na serikali, ambao watu huuingia kwa siri. Kanuni yake ilipita bila mjadala: pamefungwa, hakuna ruhusa ya kuingia, anayeingia bila kuonekana anapata mchele mara mbili, anayeonekana anapoteza jeshi lake lote. Hakuna aliyeuliza maana yake. Nimekaa katika mikutano mingi ya watu wazima tangu wakati huo, ya chama cha mafundi na ya kanisa, na sijaona sheria nyingine iliyoeleweka haraka namna ile.

Mchele wenyewe ulikuwa vijiti vidogo, na zaidi ya nusu vilikuwa vimepotea. Nikaleta malakiti, vipande vidogo vya kijani nilivyookota njia ya Kambove, nikavisugua mpaka vikang'aa. Vita vilipiganwa kwa hayo mawe. Anayeshambulia na anayelinda kila mmoja anaficha mawe kwenye ngumi, mengi kadiri anavyotaka kati ya aliyo nayo, wanafungua pamoja, mwenye mengi ameshinda, na ya wote wawili yanaondoka. Kwa hiyo vita vilikuwa vya kusoma uso wa mtu, na hapo ndipo tulipomjua Mama Jeanne. Mwanamke aliyeshinda miaka yote akibishana bei ya samaki na watu wenye haraka hakuwa na uso wa kusomeka. Alifungua kiganja taratibu, kidole kwa kidole, akiimba wimbo wa kanisa chini chini, na wewe ukaona mchele wako wote umekwenda. Mara ya kwanza aliponinyang'anya Kamatanda nilimlalamikia, nikimwita mama. Akacheka mpaka kilemba kikalegea, akanisogezea bilauri ya kinywaji cha mahindi. "Mutoto yangu, kunywa munkoyo, utulize roho. Lakini pa hii meza, mi siko mama ya muntu."

Saa kumi Solange alileta bukari, ugali wa kwetu, sombe ya majani ya muhogo na samaki aliyekaangwa mpaka mifupa inaliwa, na kanuni ya tano ilisema bukari ikifika vita vinasimama. Mikono yenye mafuta haigusi askari. Ya sita ilizaliwa Jumapili ambayo Mama Jeanne alimnunua Freddy kwa kichwa cha samaki. Alikiweka tu kwenye sahani yake, kimya, kichwa kikubwa cha Kapolowe chenye mashavu, na baada ya chakula jeshi la Freddy likageuka na kunishambulia mimi. Nilipiga kelele. Freddy akaapa kwamba ni mkakati. Maître aliandika kwenye daftari, kwa mwandiko wake wa kuinamia kulia, kwamba ahadi yoyote iliyofanywa mbele ya bukari ni bure. Daftari lile lilikuwa la shule, la mistari, na lilikaa kabatini pamoja na vikombe.

Sasa nifike kwenye kanuni ya tisa, ambayo Freddy bado ananidai. Alikuwa akimtazama Solange. Mimi pia nilikuwa nikimtazama, lakini nilifikiri nafanya kwa siri. Jumapili moja Solange alishambulia Kambove, ngome ya Freddy, na tulijua sote kwamba Freddy alikuwa na mawe saba. Alifungua ngumi ikiwa na moja. Akatabasamu. Solange hakutabasamu. Aliliangalia lile jiwe moja kwa muda.

"Freddy, uliniachia Kambove."

"Hapana, nilihesabia mubaya."

"Uliniachia. Juu ya nini? Mi niko mutoto? Sitaki muntu anisikilie huruma!" Akausukuma mchele wote upande wa Freddy, mawe yakaanguka sakafuni.

Nikaruka. Nakiri leo kwamba ulikuwa wivu mtupu, lakini siku ile nilijiona mtetezi wa haki. Nikataka iandikwe: hakuna kumwonea mtu huruma, anayemwachia mwenzake kwa makusudi atoke mezani. Freddy akapinga, Maître akasita, na Mama Jeanne akagonga meza. "Njo vile. Andika. Muntu mwenye anamuachilia mwenzake, anatoka pa hii meza, na mu hii nyumba pia. Asirudie." Tukatia sahihi sote. Mimi nilitia kubwa. Wiki ile ile Maître, ambaye alipenda sherehe, akaongeza ya kumi: jeshi likishazingira ngome haliondoki, lazima lipigane, na mulopwe anayepoteza ngome yake ya mwisho anamkabidhi mshindi upanga, mkono kwa mkono, uso kwa uso. Nilitengeneza panga nne za shaba, kila mmoja mrefu kama kidole cha kati, na ule wa Mama Jeanne niliuchonga mpini kwa msumari. Ilinichukua siku mbili, na sijawahi kuuza kitu nilichokitengeneza vizuri hivyo.

Solange alishona kwenye varanda, na mimi siku za kazi nilianza kupata sababu za kupita njia ile. Alizungumza bila kuacha kukanyaga cherehani. Alinieleza jinsi angemshinda mama yake, akanieleza nguo gani ya nani haitamtosha, akanikosoa mchezo wangu. Siku moja akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Banza, minye sitaki muntu wa kunizungusha ku barabara. Kama unanitaka, tuma bantu." Jumamosi iliyofuata mjomba wangu alishuka kutoka Kambove na koti lake la mazishi na harusi, akabeba barua ya posa, akapokelewa sebuleni, akapewa kiti. Akarudi mchana amejaa heshima. Barua imepokelewa. Mama amesema atajibu. Nilipanda baiskeli nikaenda kujivuna kwa Freddy, kwa kuwa nilikuwa na ubaya huo.

Freddy alinisikiliza mpaka mwisho. Uso ulimwanguka kidogo, kisha taratibu ukaanza kupanda tena. "Na Kapolowe?" akauliza.

"Kapolowe gani?"

"Ya pa meza, Banza. Uko na basamurai cinq pa mulango ya buko yako." Akacheka mpaka akakaa chini mavumbini.

Nilikuwa nimesahau. Naweza kueleza leo nikicheka, lakini siku ile sikucheka. Mchezo wetu mkubwa wa mwaka ulikuwa umeanza Jumapili tatu nyuma, tunaufunika kwa nailoni kila Jumapili ikiisha, na Jumapili iliyopita jeshi langu jekundu lilikuwa limeizingira Kapolowe, ngome ya mwisho ya Mama Jeanne. Na kwetu, barua ikishapokelewa, mama wa msichana si mama tu tena, ni buko yako. Humtazami machoni. Humpi mkono. Huli mbele yake, hutaji jina lake, ukikutana naye njiani unapisha. Kumkosea buko ni jambo linalotembea mtaa mzima, na kijana anayegombana na buko kabla ya jibu hapewi jibu. Mimi nilipeleka barua huku nina askari watano mlangoni kwake. Ni mwenzetu wa meza ile tu anayeweza kufanya kosa la namna hiyo, na nadhani katika wenzetu wote ni mimi peke yangu. Nikishambulia, nimemvunjia heshima buko. Nikijiondoa, kanuni ya kumi inakataa. Nikimwachia ashinde, kanuni ya tisa, yenye sahihi yangu kubwa kuliko zote, inanitoa mezani na ndani ya nyumba, nami namkosa Solange vilevile.

Jumatano nilikwenda kwa Maître Kazembe kwa mlango wa nyuma, kumwomba atafute upenyo kwenye daftari. Sikufika. Nilipokaribia jiko la nje nilisikia mchi ukitwanga sombe, na sauti ya Mama Jeanne ikizungumza naye katikati ya mapigo. Nikasimama nyuma ya ukuta, baiskeli imeniegemea.

"Ile mutoto ni muzuri," alisema. "Lakini batoto bazuri beko aina mbili, Maître. Kuko mwenye heshima, na kuko mwenye woga. Ukibaangalia tu, beko sawasawa." Mchi ukaanguka mara mbili. "Mwenye woga sitamupatia mutoto yangu. Mwenye kukosa heshima pia, sitamupatia. Dimanche, pa meza, nitajua."

Maître akauliza kama amewaambia watu wangu hivyo. Akasema hapana, acha acheze. Nikarudi nyumbani nikiisukuma baiskeli, sikukumbuka kuipanda.

Siku mbili sikula vizuri. Nilijichoma vidole kazini, nikachomelea bawaba za mlango wa mtu upande usiofaa. Ijumaa, nikiwa nazikata zile bawaba, ndipo wazo likanijia, nikatupa msumeno na kupiga ukelele peke yangu. Mtu akimkosea buko, anapeleka kuku. Hiyo ni desturi, kila mtu anaijua: unakosa, unapeleka kuku, kosa linaoshwa, mnaendelea. Lakini hakuna mahali popote, wala kwa wazee wala kwenye daftari la Maître, palipoandikwa kwamba kuku lazima aje baada ya kosa.

Jumapili nilifika na kuku jike mweupe kwapani, miguu imefungwa kwa utepe wa Solange mwenyewe niliouomba dirishani. Sebule ilikuwa imebadilishwa. Kitenge kikubwa cha bluu kilitundikwa kwenye kamba kutoka dirisha mpaka kabati, kikakata meza katikati ili nisimwone buko, na nyuma yake nilisikia kiti cha Mama Jeanne kikilia. Mimi nilipewa kiti kinachotazama ukuta. Solange angepeleka maneno na kuangalia ngumi pande zote mbili. Freddy alikuwa amekuja mapema kuliko siku zote, akakaa na mikono mapajani kama mtu aliyelipa kiingilio. Kuku akalia. Hakuna aliyecheka, hata Freddy, kwa sababu Maître alikuwa ameshavaa miwani.

"Banza," alisema Maître, "jeshi yako iko Kapolowe. Article dix. Ile règle ya kumi. Unafanya nini?"

Nikavua viatu. Nikampa Solange yule kuku kwa mikono miwili, na kwa sauti ambayo sikuitambua nikasema maneno niliyoyarudia usiku na mchana: "Mwambie mama, hii ni ya kosa mwenye sijafanya bado. Nitaingia ku nyumba yake mu vita, juu règle inanikamata, na mi njo niliandika. Mbele ya kuingia, naomba aniosheye."

Solange aliniangalia kwanza, macho makubwa, kisha akapita chini ya kitenge. Tukamsikia akirudia neno kwa neno. Kuku akalia tena, upande ule sasa. Freddy aliacha kutabasamu, akaegemea mbele. Nilihesabu vikombe vya kabatini, vilikuwa kumi na kimoja, nikavihesabu tena. Kisha sauti ya Mama Jeanne ikaja, tulivu, ya sokoni, isiyosomeka hata kidogo. "Kuku imepokelewa. Acheze."

Sikujua bado kama lile lilikuwa jibu au mlango wa mtego. Nilikuwa na mawe tisa. Nyuma ya kinga yangu ya karatasi niliyaona yote tisa, ya kijani, na hapo likaja wazo baya kabisa, tamu sana: tia matatu. Tia matatu tu, ushindwe kwa adabu, nani atajua? Umeshaleta kuku, umeonyesha heshima, sasa mwachie mama ngome yake na kila mtu aende nyumbani na furaha. Vidole vyangu vilikuwa tayari vimechukua matatu. Solange alirudi upande wangu kuangalia ngumi, akasimama begani kwangu. Sikuinua macho. Aliinama kidogo. "Banza," alinong'ona, "mi niko naona." Sijawahi kuogopa na kufurahi kwa pamoja kiasi kile. Nikachukua yote tisa, nikayakaza mpaka yakaniuma.

"Fungua!" akasema Maître.

Nikafungua. Solange akainua ncha ya kitenge, akaangalia upande wa pili, na midomo yake ikahesabu. Akasema manane. Akarudia: mama alikuwa na manane, na ametia yote manane. Freddy aliruka juu kiti kikaanguka. "Kapolowe imeanguka! Mungu wangu, imeanguka!" Hata Maître alipiga goti kwa kiganja. Mimi nilikaa nikiuangalia ukuta. Nilikuwa nimempiga buko yangu mbele ya mashahidi, kwa jiwe moja, na alikuwa amepigana mpaka punje ya mwisho.

"Sasa upanga," akasema Maître, akafungua daftari. "Article dix. Mukono ku mukono, uso ku—" Akasoma tena mstari alioutunga mwenyewe, akaniangalia, akakiangalia kitenge. Hilo hata mimi sikuwa nimelifikiria. Kuku mmoja anaosha kosa moja. Kumgusa buko mkono na kumtazama usoni lilikuwa kosa jingine, na sikuwa na kuku wa pili. Kiti cha Mama Jeanne kikalia. Nikasikia shaba ikiburutwa juu ya mbao, taratibu, na kiti kikalia tena. Nilifumba macho.

"Solange," ikasema sauti ya nyuma ya kitenge.

"Mama."

"Kamata hii upanga. Mupelekee bwana yako."

Solange hakusogea. Nilifungua macho nikamwona amesimama mbele ya kitenge, mkono mmoja umeinuliwa, mdomo wazi. "Nani, mama?"

"Bwana yako. Uko na bangapi?"

Freddy akajifunika uso kwa mikono yake miwili, na mabega yakawa yanatikisika, na mpaka leo hajakubali kuniambia kama alikuwa akicheka au akilia. Solange alipita chini ya kitenge, akatoka na ule upanga mdogo juu ya viganja viwili, akazunguka meza yote mpaka kwenye kiti changu kilichotazama ukuta, akanigeuza kwa bega. Machozi yalikuwa yakimshuka na alikuwa akitabasamu, na nilipoupokea, ukiwa bado na joto la mkono wa mama yake, nilisahau kabisa kwamba nilikuwa nimeshinda.